Kushoto kwa Nani? Funzo la Ndege za Mfano kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, ndege ndogo isiyo na rubani ilivuka Ziwa Victoria kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe ikiwa imebeba dawa. Mwendo wa kilometa 60 ulichukua dakika 40 hivi. Ndege ile ilifuata njia iliyopangwa kabla katika mitambo yake. Mtoto wa Mwanza anayesikia habari hiyo atataka kujua kama naye aweza kurusha ndege. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mtu anavyoanza kufundishwa kurusha ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio, na faida ambayo mwanachuo aweza kuipata humo hata kama shule yake haina ndege hiyo.

Ndege ya kujifunzia huwa na bawa juu ya kiwiliwili, ncha zake zimeinuka kidogo, na mwendo wake ni wa polepole. Vishikio vikiachiwa, hujisawazisha yenyewe. Kabla ya kurushwa hupimwa uzito: huinuliwa kwa vidole viwili chini ya bawa, kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikilalia mkia, haifai kurushwa. Kandokando ya ziwa, upepo wa mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Kwa hiyo asubuhi mapema hufaa zaidi. Uwanja uwe mpana, mbali na watu, nyaya za umeme na kiwanja cha ndege, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kipatikane kwanza.

Ugumu mkubwa huanza ndege inapogeuka. Ikienda mbele, kulia kwake ni kulia kwa mwanafunzi. Ikimrudia, kulia kwake kumekuwa kushoto kwa mwanafunzi. Huyu aonapo bawa la upande wake wa kushoto limeshuka, husukuma kishikio kulia ili aliinue, na ndege huzidi kuinama hata ikaanguka. Kanuni ni hii: ndege ikikujia, sukuma kishikio upande ule ule wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliwekea mhimili.

Kwa sababu hiyo, kisanduku cha kuongozea cha mwanafunzi huunganishwa na cha mwalimu. Mwalimu akibonyeza swichi, mwanafunzi anaongoza. Akiiachia, uongozi unamrudia mwalimu mara moja. Ndege huwekwa juu kiasi cha kumwezesha mwanafunzi kukosea na kujisahihisha kabla haijafika chini. Mwalimu anayenyang'anya uongozi kila mara hafundishi. Anayechelewa mno huvunja ndege. Akishaiokoa, aeleze kilichotokea, kisha amrudishie mwanafunzi.

Zoezi hili laweza kufanywa darasani bila gharama. Wanafunzi wapangwe wawili wawili. Mmoja awe ndege, anyooshe mikono kama mabawa. Mwenzake asimame mahali pamoja akimwongoza kwa maneno "kulia" na "kushoto". Ndege itii kwa upande wake yenyewe. Kwanza iende mbele, kisha igeuke na kumrudia rubani wake. Watakosea na kucheka. Mwalimu asiwakaripie, bali awaulize: kushoto kwa nani?

Swali hilo latuhusu sisi walimu kwanza. Kila siku twasimama tukiwakabili wanafunzi. Twainua mkono wa kulia na kusema, "Huu ni mkono wa kulia," nao wanauona upande wao wa kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza akiinua wa kushoto, amefuata kwa uaminifu alichoonyeshwa. Tumepata kuona mtoto akiadhibiwa kwa jambo hilo, na tangu siku ile hakuinua mkono wowote, hata alipolijua jibu.

Tiba yake ni nyepesi. Mwalimu awape wanafunzi mgongo anapoonyesha, au ainue mkono wake wa kushoto. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aketi mara moja kwenye dawati la nyuma huku mwenzake akifundisha, aandike anachokiona kutoka hapo, ndipo atayarishe andalio lake la somo.