Mzigo wa Kupanda Ligi Kuu: Ihefu, kutoka Mbarali hadi Singida (2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza njia ya kupanda kutoka Ligi Daraja la Kwanza. Leo tuangalie yanayofuata shangwe zikishatulia, na mfano wetu ni Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, klabu iliyobeba jina la bonde linalolisha maji mto Ruaha Mkuu.

Ihefu ilipenya kwa taabu mwaka 2020. Katika mechi za mchujo iliifunga Mbao ya Mwanza 2-0 nyumbani, ikafungwa 4-2 ugenini, na magoli ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Mbao yenyewe ilipaswa kuwa onyo. Mwaka 2017 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuilazimisha Simba icheze hadi muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye ilikuwa inashuka daraja.

Mgeni wa Ligi Kuu huanza kupambana na barabara kabla ya mpinzani. Msimu wa 2020/21 ulikuwa na timu 18, maana yake mechi 17 ugenini. Kutoka Ubaruku, nyumbani kwa Ihefu, unatakiwa ufike Bukoba, Musoma, Ruangwa, Tanga na Moshi. Hesabu mafuta ya basi, malazi, chakula na posho za kikosi kizima pamoja na benchi la ufundi, na hapo mishahara bado hujaigusa. Wakubwa hupanda ndege wakafika wamepumzika. Mchezaji wa timu ndogo hushuka kwenye basi jioni, na kesho yake anadaiwa dakika tisini.

Fedha za kuyabeba hayo zitoke wapi? Viingilio havitoshi. Mkazi wa Ubaruku anaipenda timu ya kwao, lakini naye ana Simba au Yanga yake tangu utotoni, kwa hiyo uwanja hujaa kweli kweli wanapokuja hao wawili. Mechi zilizobaki mapato huwa madogo, na klabu huishi kwa mkono wa mdhamini au tajiri mmoja. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media, wa miaka 10 na thamani ya Sh225.6 bilioni, ulisainiwa Mei 2021. Kwa Ihefu ulichelewa: msimu huohuo ilishuka pamoja na Gwambina, JKT Tanzania na Mwadui.

Tena kuna suala la usajili, ambalo mimi naliona ndilo gumu kuliko yote. Vijana waliokupandisha wanajuana na wana uchungu na timu, ila wengi hawajawahi kukabiliana na washambuliaji wa kiwango cha Ligi Kuu. Ukiwaacha wote ukaleta wapya, unaanza ligi na kikosi cha watu wasiofahamiana. Ukiwabakiza wote, dirisha dogo linakukuta mkiani. Viongozi wengi hubadilisha kocha kwanza, kwa kuwa hilo ndilo lililo rahisi.

Ihefu ilirudi mwaka 2022 na ikaanza vibaya tena. Ndipo ikafika Novemba 29 mwaka huo, katika uwanja wa Highland Estates, ambako iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Safari hii haikushuka. Oktoba 2023 Yanga walirudi palepale, wakafungwa tena 2-1.

Wengi tuliamini kwamba sasa klabu imeota mizizi. Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida, na baadaye jina likabadilishwa kuwa Singida Black Stars. Nafasi katika ligi ilikuwa salama, fedha zilipatikana, na wachezaji wakaendelea na kazi yao. Waliopoteza ni watu wa Mbarali, waliojaza uwanja ule timu ikiwa haina kitu.

Siwalaumu wawekezaji kwa kutafuta mahali penye faida. Nawaomba TFF na Bodi ya Ligi waweke kanuni kwamba klabu isihamishwe mkoa kabla wanachama na wakazi wa ilikozaliwa hawajasikilizwa, na sehemu ya fedha za matangazo ielekezwe kwenye gharama za safari za timu zilizopanda, katika msimu wao wa kwanza.