Shinnecock Hills: uwanja wa gofu na mkataba wa miaka 1,000

Wandugu wasomi, najua wengi wenu mukisikia neno gofu munapita mbio: "Ile ni mambo ya wakubwa." Munasema kweli. Lakini leo mukae kidogo, juu kilabu hii moja ya Marekani ilinifanya nielewe mambo ya ardhi kuliko sillabi nzima ya droit.

Shinnecock Hills iko Southampton, upande wa mashariki wa kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Ilianzishwa mwaka 1891 na matajiri waliokuwa wanaenda kule kupumzika wakati wa joto. Walinunua eka 80 kwa dola 2,500. Willie Davis, fundi wa gofu aliyekuwa anafanya kazi Montreal, akachora mashimo 12. Kisha Mskochi Willie Dunn akayafikisha 18. Mwaka 1892 Stanford White, mchora-nyumba mwenye jina kubwa, akawajengea nyumba ya kilabu juu ya kilima. Bado imesimama. Wanawake walipokelewa tangu mwanzo, jambo ambalo kilabu nyingi za wakati ule zilikataa kabisa.

Sasa, nani alishika jembe? Ni Washinnecock, wenyeji wenyewe wa vilima vile, waliochukuliwa kama vibarua. Miaka mingi baadaye Dunn aliandika kumbukumbu zake. Anasema kulikuwa na vichuguu vya makaburi ya wale wenyeji. Vingine waliviacha mbele ya grini viwe vizuizi, vingine wakavichimba kuwa mashimo ya mchanga. Mchezaji akipiga mpira uliozama mchangani, mara nyingine mfupa ulitoka nao. Dunn anaisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Namna gani watu wanachimba makaburi ya babu zao kwa mushahara wa kibarua? Turudi mwaka 1703. Mji wa Southampton ulipata ardhi ile kutoka kwa Washinnecock, halafu ukawapangishia wenyewe kwa mkataba wa miaka 1,000. Ndiyo, elfu moja! Mkataba haukufika hata miaka 160. Mwaka 1859 barua ya maombi ilipelekwa kwenye bunge la jimbo, yenye majina ya Washinnecock, eti wanakubali mkataba uvunjwe: vilima viende kwa mji, wao wabaki na rasi ndogo ya Shinnecock Neck. Wazee wa kabila wakapinga, wakisema sahihi zile zilighushiwa. Bunge likapitisha. Kwa hiyo wale matajiri wa 1891 walinunua ardhi ambayo makaratasi yake yalikuwa tayari yamesafishwa.

Mwaka 1896 mashindano ya US Open, ya pili katika historia, yalichezwa hapo. Vijana wawili waliofundishwa gofu pale pale walijiandikisha: Oscar Bunn, Mshinnecock, na John Shippen, mtoto mweusi wa miaka 16, ambaye baba yake alikuwa mchungaji katika kijiji cha Washinnecock. Wachezaji wazungu wakatisha kugoma. Inasimuliwa kwamba Theodore Havemeyer, mkuu wa shirikisho la gofu, aliwajibu: mashindano yatafanyika hata kama watacheza wale wawili peke yao. Wote wakacheza. Shippen alikuwa karibu na wa mbele mpaka mpira wake ulipoingia kwenye barabara ya mchanga. Shimo lile moja alilimaliza kwa mapigo 11. Mwishoni akaachwa na mshindi kwa mapigo 7.

Uwanja wa leo karibu wote ni kazi ya William Flynn, uliofunguliwa mwaka 1931, kwa sababu barabara kubwa ilipangwa kupita katika ule wa zamani. Kazi yake, kusema kweli, ni nzuri sana. Hakusawazisha vilima. Aligeuza mashimo pande mbalimbali: upepo wa bahari unaokusukuma sasa hivi, shimo linalofuata unakupiga usoni. Grini nyingi ziko juu, kingo zake zinateremka, mpira ukikosea kidogo unabingirika mpaka chini. Shimo la 7, linaloitwa Redan, lina grini iliyokaa mshazari na kuinamia nyuma. Mwaka 2004, siku ya mwisho ya US Open, ilikauka hadi wafanyakazi wakalazimika kuimwagia maji kati ya kundi moja la wachezaji na lingine.

Mwaka uliofuata Washinnecock wakaenda tribinali, wakidai eka kama 3,600, uwanja wa gofu ukiwa ndani. Mwaka 2006 jaji alitupa kesi: muda umepita sana, na watu wengi wameshajenga maisha yao pale. Mwaka 2010 Leta ya Marekani ikawatambua rasmi kuwa kabila. Rufaa yao juu ya vilima, mwaka 2015, ikaanguka vilevile. Kwa hoja hiyo ya kuchelewa, tribinali haikuhitaji hata kuchunguza kama sahihi za 1859 zilikuwa za kweli.