Aliyenyimwa Kahawa Akachora Mbuni

Kahawa ya Mbale hutufikia hapa Jinja ikiwa imekwisha kukaangwa, na wengi wetu tunaoinywa hatujawahi kuliona ua lake. Panda kuelekea Budadiri mvua zikishaanza, utaliona: jeupe, dogo, limekaa kwa vishada pale jani linapoota, linanukia kama asumini. Halidumu. Siku mbili tatu limenyauka.

Kuna mbuni mmoja usionyauka. Umechorwa juu ya mlango wa jumba la picha katika bustani ya Kew, London, na aliyeuchora ni Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa Hastings mwaka 1830. Jumba hilo, lililofunguliwa 1882, alilijenga kwa fedha zake mwenyewe. Alichoomba ni kwamba wageni waliochoka kuzunguka bustanini wapate humo kikombe cha chai au kahawa. Joseph Hooker, mkuu wa bustani, akakataa. Bibi North hakugombana naye. Alishika brashi akachora mbuni juu ya mlango mmoja na mchai juu ya mwingine. Ukinitaka nikueleze alikuwa mtu wa namna gani, nitakupa kisa hicho tu.

Hakuolewa. Alikuwa msiri na msafiri mwenza wa baba yake, Frederick North, mbunge. Majira ya baridi ya 1865 kuingia 1866 walikuwa Misri, wakipanda Nile kwa mashua. Speke, mpelelezi Mwingereza, alikuwa amesimama hapa Jinja, Nile inapoanzia, Julai 1862, miaka mitatu na kitu tu nyuma. Waongoza wageni wa pale chanzoni hupenda kusema kwamba maji yakitoka hapa huchukua miezi mitatu kufika Mediterania. Kama ni hivyo, sehemu ya maji yaliyoibeba mashua yao ilikwishapita mbele ya macho ya Wasoga. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Jinja wala Mbale.

Baba alifariki 1869. Binti, anakaribia miaka 40, akabaki na mali ya kumtosha na bila wa kumwuliza anakwenda wapi. Tangu 1871 mpaka 1885 hakutulia: Jamaika, Brazil, Japani, Borneo, India, Australia, Chile. Wanawake wengi wa tabaka lake walichora maua, lakini ya kwenye chombo, kwa rangi za maji, sebuleni. Yeye alitumia rangi za mafuta, akauchora mmea palepale ulipoota, na majani yake yaliyoliwa na wadudu na mlima wake nyuma.

Tusimpambe kupita kiasi. Alitembea na barua za kumtambulisha kwa magavana, akalala majumbani mwao. Dola ya Waingereza ndiyo iliyomfungulia misitu. Wenyeji kwenye picha zake, wakionekana, ni vivuli vidogo njiani. Na picha zenyewe, 832, zimebanwa ukutani fremu kwa fremu mpaka jicho halijui lianzie wapi. Kuna wachoraji waliomwona si msanii. Wataalamu wa mimea hawakuwa na shaka naye.

Afrika Kusini alifika 1882, na mwaka uliofuata akavuka hadi Shelisheli. Kisiwani Praslin alichora ile nazi pacha ambayo mbegu yake ni kubwa kuliko zote duniani, moja yaweza kupita kilo 18. Akachora pia mti wa visiwani humo ambao Kew hawakuwa wameuweka kwenye orodha zao. Hooker, yuleyule wa kahawa, akaupa jina Northea.

Sasa twende upande wa Mbale. Ukiupita ukanda wa mianzi kwenye Mlima Elgon, utakutana na ua refu la rangi ya chungwa, limesimama kama mwenge katikati ya nyasi. Kitaalamu ni Kniphofia thomsonii, kutokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyefika Elgon 1883, mwaka uleule Bibi North alipokuwa Shelisheli. Dada wa ua hilo, wa Afrika Kusini, anaitwa Kniphofia northiae, kwa heshima ya mchoraji wetu. Majina yote mawili yalitolewa na mtu mmoja wa Kew, John Gilbert Baker. Mskoti alipita tu, Mwingereza alikaa akachora, na kila mmoja kapata ua lake. Majina ya Kigisu na Kisabiny, lugha za wenyeji wa mlima huo, hayamo.

Bibi North alifariki 1890. Mlima Elgon hakuuchora, kwa hiyo kazi hiyo bado ipo. Walimu wa sanaa wa Mbale na Jinja, wapandisheni wanafunzi siku moja ua likiwa limechanua, wakae chini walichore hapohapo. Mkishuka, mwombeni bibi yeyote wa kule juu awaambie analiitaje, mliandike jina hilo chini ya picha, kwa herufi kubwa kuliko la Thomson.