Maktaba Bila Leseni Haina Ruhusa

Tuseme kijana wa Chamazi ameandika maktaba ndogo ya programu ya kunyoosha namba za simu. Mteja akianza na 0712, 255712 au +255 712, zote zinahifadhiwa kwa sura moja. Anaiweka mtandaoni bure, bila neno lolote kuhusu leseni. Je, kampuni ya Kinondoni inaruhusiwa kuitumia?

Hairuhusiwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe. Kitu kuonekana na kila mtu si idhini ya kukichukua. Idhini hutolewa na leseni.

Leseni huria hutofautiana kwa masharti. MIT ni aya chache tu: tumia, badilisha, hata uza, ila tangazo la hakimiliki libaki, na ukipata hasara usimdai mwandishi. Apache 2.0, ya mwaka 2004, inaongeza ruhusa ya wazi juu ya hataza. GPL, iliyoanza 1989, ni kali zaidi: ukisambaza programu iliyounganishwa na maktaba hiyo, programu nzima itoke kwa leseni hiyohiyo, pamoja na msimbo wake. Kampuni inayoficha msimbo wake itaipita pembeni. LGPL inaridhika na marekebisho ya maktaba yenyewe kubaki wazi. AGPL humfuata hata yule aliyeibadilisha programu na kuiendesha kwenye seva yake, watu wakiitumia kwa mtandao.

Afrika Mashariki ina mifano ya kila namna. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania na Kenya, uko chini ya BSD, jamaa ya MIT. OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa na iliyotumika mapema Eldoret, ilichukua MPL 2.0: faili la asili likirekebishwa na kusambazwa, libaki wazi, faili jipya la nyongeza ni uamuzi wa aliyeliandika. OpenLMIS, ya kufuatilia dawa na vifaa tiba, ina AGPL.

Kabla ya kuchagua, mwandishi akague alichoazima. Akiwa amenakili msimbo wa GPL, hawezi kuutoa upya kwa MIT. Pia asijitungie leseni yake: wanasheria wa kampuni huzijua zilizozoeleka, ngeni huziogopa.

Na achague mapema, kwa kuwa kila mchangiaji ana haki juu ya mistari aliyoandika. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na wachangiaji, ilipobadili leseni ya data zake mwaka 2012, ililazimika kuwaomba wachangiaji ridhaa mmoja mmoja, na michango ya waliokataa ikaondolewa kwenye ramani. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza kuchora mitaa na mifereji ya Dar es Salaam kwenye ramani hiyo mwaka 2015, ulikuta leseni hiyo mpya, ODbL, imeshakaa.