Daraja, Kina na Mchokozi: Istilahi za Michezo ya Njozi kwa Mwanagenzi

Neno jipya hupimwa kwa mambo mengi: urefu wake, matamshi yake, na jinsi linavyokubali viambishi vya lugha yetu. Katika makala haya tunakusudia kulipima kwa jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni hili: mtu asiyejua lolote kuhusu shughuli fulani, akiambiwa neno hilo, je, atatenda lililo sahihi? Mfano tuliouchagua ni wa michezo ya njozi inayochezwa katika intaneti. Humo mchezaji humwongoza mtu wa kubuni, humkuza kwa kazi na mapigano, na hatimaye hupambana na watu wengine wa kubuni wanaoongozwa na wachezaji wenzake, pengine walioko nchi za mbali.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na mambo ya vijana. Tumfikirie kijana mmoja wa Kipalapala. Jina la mahali hapo, karibu na mji wa Tabora, wasomaji wengi wa makamo wamelikuta kwenye majalada ya vitabu vya T.M.P. Book Department, vitabu vilivyosomwa na watu wengi wa bara ambao walijifunza Kiswahili wakiwa tayari na lugha nyingine kinywani. Kijana huyo naye ana Kinyamwezi nyumbani, Kiswahili shuleni, na Kiingereza cha vitabuni. Anacheza kwa simu. Akiielewa visivyo sentensi moja ya maelekezo, hupoteza katika dakika chache mali aliyoikusanya kwa miezi mitatu. Mali ni ya njozi, lakini miezi ni ya kweli. Akimwendea mwalimu wake hapati msaada, kwa kuwa mwalimu hana maneno ya kuulizia.

Mchezo tutakaoutumia kama kielelezo ni RuneScape, uliotolewa Januari 2001 na ndugu wa ukoo wa Gower huko Uingereza, na ambao toleo lake la mtindo wa zamani, Old School RuneScape, lilianza mwaka 2013 na kuingia katika simu za mkononi mwaka 2018. Desturi ya kumpima mtu wa kubuni kwa namba ni ya zamani zaidi. Ilienea kutokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974, kisha ikaingia katika kompyuta.

Kiingereza kina neno moja tu la namba hizo, na hapo ndipo mfasiri anapotegwa. Katika mchezo huu neno hilo moja hubeba dhana tatu. Kwanza, huonyesha umahiri wa mtu katika stadi moja, kama vile kuvua samaki, kuchimba madini au kutumia upanga. Namba hiyo huanzia 1 hadi 99. Pili, huonyesha nguvu yake ya jumla vitani, inayokokotolewa kutokana na stadi za mapigano. Tatu, huonyesha umbali aliokwenda ndani ya eneo la hatari ambamo wachezaji huruhusiwa kushambuliana. Mfasiri akishika neno “kiwango” kwa zote tatu, ataandika hivi: “Katika kiwango cha 20 mchezaji wa kiwango cha 40 aweza kushambuliwa na mchezaji wa kiwango cha 60.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, na haimfundishi mtu chochote.

Kwa dhana mbili za kwanza tunapendekeza “daraja”: daraja la stadi na daraja la mapambano. “Ngazi” ni neno zuri, ila vidato vya ngazi huwa sawasawa, ilhali hapa havilingani kabisa. Ili kufika daraja la 2 katika stadi yoyote, mchezaji huhitaji pointi 83 za uzoefu. Daraja la 50 huhitaji pointi 101,333. Daraja la 99 huhitaji pointi 13,034,431. Na mtu aliyefika daraja la 92, ambaye kwa hesabu ya vidato angedhani amebakiwa na kipande kidogo, ana pointi 6,517,253, yaani ndiyo kwanza afike nusu ya safari. “Daraja” halina ahadi hiyo ya usawa. Watumishi wa serikali na walimu wanalijua vema: madaraja ya mwanzo huja upesi, na ya juu yana subira yake. Tofauti ni kwamba mtumishi hupandishwa daraja, ilhali mchezaji hupanda mwenyewe. Basi tuseme “kupanda daraja”, kwa kauli ya kutenda.

Tumesema “pointi za uzoefu”. Wapo watakaopenda “alama”, lakini tutaihitaji alama kwa kazi nyingine hapa chini, na si busara kulifanya neno moja litumikie mabwana wawili katika ukurasa mmoja. Mwanagenzi huzipata pointi zake za mwanzo kwa kupigana na viumbe dhaifu, kuku na ng'ombe wa karibu na mji wa Lumbridge, si kwa kuyakimbilia mazimwi. (Neno “mwanagenzi” tumelichagua kwa makusudi. “Limbukeni” lingeeleweka haraka zaidi, lakini ni tusi.) Aende na masurufu, maana chakula ndicho kinachomrudishia uhai apigwapo. “Posho” halifai hapa, kwa kuwa mtu hupewa posho na mwingine, naye mchezaji hujitafutia.

Sasa tuingie katika eneo la hatari, ambalo kwa Kiingereza limeitwa Wilderness. Mfasiri aliyekulia katika Biblia ataandika “nyika” au “jangwa”. Msomaji wake atapata picha ya mahali pakavu pa upweke, pa kufunga na kusali. Hatapata picha ya mahali ambapo binadamu mwenzake anamvizia. Neno “pori” linaifanya kazi hiyo, na hakuna mahali linapoifanya vizuri kuliko Unyamwezi. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwapo pori refu lenye maji haba, lililoitwa Mgunda Mkali. Richard Burton alilivuka mwaka 1857. Humo msafara ulijikaza usitawanyike, kwa kuwa aliyebaki nyuma alikuwa mawindo. Na mwaka 1871, vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Mwenye kumbukumbu hizo, akiambiwa “hapa ni pori”, haulizi mara mbili.

Dhana ile ya tatu, ya umbali ndani ya pori, tunaiita “kina”. Hatukusema “umbali”, kwa kuwa mtu aweza kwenda mbali akiambaa ukingoni asizidishe hatari yake. Kanuni ya mchezo ni hii: kina kinaonyesha tofauti kubwa kabisa ya madaraja ya mapambano inayoruhusiwa baina ya mshambuliaji na mshambuliwa. Mchezaji wa daraja la mapambano la 40 aliye katika kina cha 5 aweza kushambuliwa na wachezaji wa madaraja 35 hadi 45 tu. Akijisahau akafika kina cha 30, mlango umefunguka kwa wote wa madaraja 10 hadi 70. Hebu turudie ile sentensi iliyotushinda hapo awali: “Katika kina cha 20 mchezaji wa daraja la mapambano la 40 aweza kushambuliwa na mchezaji wa daraja la 60.” Mwalimu ambaye hajaushika mchezo huu maishani mwake sasa aweza kumwonya mwanafunzi wake asizame.

Mashindano yenyewe ya wachezaji tunayaita “mapambano ya mtu kwa mtu”, ili yatofautiane na kupigana na viumbe wa mchezo. Tafsiri ya neno kwa neno, “mchezaji dhidi ya mchezaji”, imeanza kusikika. Ni ndefu na ina harufu ya mashtaka mahakamani. Ugumu unaanza tunapomtaja yule anayeingia porini kwa nia ya kuwaangusha wenzake. “Muuaji” ni neno zito mno, na mzazi akilisikia atauzima mchezo wote. Lakini tofauti iliyo muhimu kwa mwanagenzi ni nani aliyeanza. Kwa kawaida, mchezaji anayekufa porini hubaki na vitu vyake vitatu vyenye thamani kubwa kuliko vyote, na vilivyosalia aghalabu huchukuliwa na aliyemshinda. Ila aliyemshambulia mtu ambaye hakumgusa hutiwa alama ya fuvu juu ya kichwa chake, na akifa akiwa nayo hapewi hifadhi hiyo ya vitu vitatu. Kiswahili kina neno la mtu huyo tangu zamani: ni mchokozi. Watoto wanalitumia uwanjani kila siku, na kanuni nzima ya alama ya fuvu imo ndani yake. Yule anayengoja kichakani ni mviziaji; na yule anayemshawishi mwanagenzi kwa maneno matamu avuke mpaka na mali yake yote, huyo anarubuni. Wapo wengi wa namna hiyo, na huanza kwa kutoa zawadi.

Namna za kupigana ni tatu, na kila moja ina mbabe wake: silaha za mkono huwashinda wapiga mishale, wapiga mishale huwashinda wenye sihiri, na wenye sihiri huwashinda wenye silaha za mkono. Msomaji ataona kuwa tumesema “sihiri”, wala si “uchawi”. Hilo si pambo la lugha. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya ziwa watu wameuawa, hasa wanawake wazee, kwa kutajwa tu kuwa wachawi. Nchi ina Sheria ya Uchawi tangu enzi ya Waingereza. Mwalimu wa Tabora hawezi kuandika ubaoni “jifunze uchawi upande daraja”. “Uganga” nao ni tiba, na “mazingaombwe” ni kiinimacho kisichomdhuru mtu. “Sihiri” ni neno la hadithi, na njozi hizi ni hadithi.

Yafaa tuonye juu ya hamu ya kufufua kila neno la kale. Katika njia ya misafara “hongo” ilikuwa ada aliyolipwa mtemi au jumbe ili msafara upite katika nchi yake. Leo ni rushwa, na mchezo ukiwa na lango la kulipia, tuseme “ushuru”. Wapo pia wanaotaka kutumia msamiati wa bao, wakiita kipindi cha kukua “namua” na kipindi cha kupambana “mtaji”. Wazo linavutia, kwani katika namua mchezaji huingiza kete za mkononi, na katika mtaji hutegemea zilizomo mashimoni. Lakini katika namua nako watu hulana tangu mwanzo, na fundi wa bao atatucheka. Maneno hayo yana wenyewe, tusiyaharibie maana. Kutoka katika bao tunaazima jina moja tu, lile la “bao la kujifunza”, ambamo kila shimo huanza na kete mbili. Nalo latutosha kuita sehemu ya mchezo waliyotengewa wanagenzi “uwanja wa kujifunza”.

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana. Mchezaji anayeshindwa husemwa “amekufa”, kisha huonekana tena akiwa mzima na mikono mitupu. Wengine wanapendelea “ameanguka”, ili kifo kisichezewe. Wengine wanajibu kwamba aliyeanguka huinuka papo hapo alipoanguka, na huyu huinukia Lumbridge, mbali na vitu vyake. Kwa sasa wafasiri na watumie “kufa”, mpaka lipatikane neno litakalomwambia kijana kwamba yeye atarudi, lakini mali yake haitarudi.