Mkate wa usiku, wageni wa asubuhi

Wageni ishirini wa harusi, jiko moja! Hapa Ikwiriri nilishakoma. Nilidamka kukaanga maandazi, gari likapiga honi wakwe hawajapata hata chai. Aibu gani, jamani!

Siku hizi nawahi. Asubuhi ya kuamkia shughuli naloweka mchele, alasiri nausaga na tui zito, hamira, iliki na sukari. Ukishaumuka, naumimina kwenye sufuria yenye mafuta ya moto. Ukianza kushika, mfuniko juu, makaa juu yake. Chini yabaki machache, la sivyo utaungua. Kijiti kikitoka kikavu, tayari.

Ukipoa, funika. Kukikucha ni kukata na kuchemsha chai tu. Mkate wa kumimina hauna presha, shoga: wageni wakiamka, wewe umeshaoga!