Mwatiko Hushikwa na Kutu?

Haya, sogeeni. Mtoto wa Changamwe hafundishwi kutu. Bati la juzi lishatoboka, kufuli la duka halifunguki mpaka litiwe mafuta, na makontena yanayopita kwenda Miritini yamejaa mabaka mekundu. Watu huilaumu chumvi ya bahari, lakini chumvi ni mchochezi tu. Anayekula chuma ni oksijeni, ikisaidiwa na unyevu. Ndiyo, oksijeni hiihii tunayoivuta puani!

Na mwili nao hausalimiki. Kila kiumbe anayepumua, awe wewe au samaki, akitumia oksijeni kupata nguvu, huzaa vichembe vya oksijeni vilivyovurugika, vikali, vinavyorukia chochote kilicho karibu. Hupenda hasa mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli. Mafuta hayo huharibika samaki akiwa hai, anaogelea zake.

Lakini mwili una walinzi. Wa kwanza ni kimeng'enya kiitwacho supaoksaidi dismutasi, jina refu kuliko dagaa. Hukamata baadhi ya vichembe hivyo na kuvigeuza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kuoshea vidonda. Hiyo nayo ni kali, basi mlinzi wa pili, katalasi, huivunja ikawa maji na oksijeni tulivu. Lile povu linalochemka kwenye goti lililochubuka, dawa ikimwagwa, ni katalasi yako iko kazini.

Tuje kwa samaki wetu, mwatiko. Huko Kilifi na Kwale hufugwa kwenye mabwawa yaliyochimbwa nyuma ya mikoko, na maji huingia wakati wa bamvua. Yakifika maji mafu, bwawa halipati maji mapya, na jua la Pwani mwalijua. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Alfajiri utawaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Dhiki ya namna hiyo huzidisha vichembe vikali, na walinzi huelemewa.

Hapa ndipo unapoingia mwani mdogo, ule usioonekana mmoja mmoja ila ukijazana maji huwa kijani. Mwani huu hutengeneza oksijeni mchana kutwa juani, kwa hiyo lazima uwe na kinga yake: rangi za jamii ya karotini, na kwa aina iitwayo spirulina, ile rangi ya buluu iitwayo faikosianini. Anayeula hupata kinga hizo. Watafiti wa nchi mbalimbali waliochanganya spirulina kidogo kwenye chakula cha tilapia wameona mara nyingi kwamba vimeng'enya vile viwili hupanda, na dalili za mafuta yaliyoharibika hushuka. Mwatiko ndiye hahitaji kubembelezwa, maana bwawani hula mwani wa chini tangu utotoni.

Wala spirulina si mgeni Kenya. Imejaa Ziwa Bogoria, na heroe wadogo huishi kwayo. Rangi ya waridi ya manyoya yao hutoka humo humo.

Ila kijiko si debe. Mwani ukifurika bwawani, usiku nao huvuta oksijeni, na ndio mara nyingi unaowatwetesha samaki alfajiri. Kwenye chakula, ukizidi sana, samaki huweza hata kudumaa. Tena spirulina ni ghali mno kuliko omena.

Mimi ningeanzia stoo. Chakula cha samaki kina mafuta, na gunia lililoachwa wazi kwenye joto letu hushambuliwa na oksijeni kabla samaki hajakionja. Ukimlisha hicho, unamtilia vichembe vikali kwa mkono wako. Lifungeni mdomo, liwe juu ya chaga, mbali na ukuta wenye unyevu. Kabla ya kulisha, chukueni konzi moja mnuse. Kikinuka mafuta yaliyovunda, kisiingie bwawani hata kama kimetiwa spirulina ya kijani kibichi.